SOMO LA WANACHAMA: CHAKULA KILICHOMO TOPENI NA SAMAKI WACHANGA WA MAHORI YETU



Katika kurasa hizi tumezoea kufundishana juu ya hisa, akiba, mikopo na mizania. Somo la safari hii linahusu tope. Msomaji asishangae, wala asidhani kwamba mkaguzi ameiacha kazi yake na kujitia katika kazi ya Bwana Samaki. Chama cha wavuvi hakina shamba wala ghala la pamba. Mtaji wake mkubwa hauandikwi katika kitabu chochote cha fedha, nao uko majini. Sehemu kubwa ya mtaji huo hukulia mahali ambapo wengi wetu hupita tukiwa tumeziba pua: katika tope jeusi la mahori, chini ya mikoko, pale maji ya mto yanapokutana na maji ya bahari.

Wakazi wa viunga vya Dar es Salaam wanayafahamu mahori haya vizuri. Upande wa Kinondoni liko hori la Manyema pale Kunduchi, na mbele zaidi uko mlango wa mto Mpiji, mpakani na Bagamoyo. Katikati ya jiji uko mlango wa Msimbazi. Upande wa Temeke iko mito Kizinga na Mzinga, ambayo maji yake huteremkia katika hori refu lipitalo Mtoni na Kijichi hadi bandarini. Ng'ambo yake ni Vijibweni na nchi yote ya Kigamboni, ambayo zamani ilihesabiwa kuwa sehemu ya Temeke, na huko kusini zaidi liko hori la Rasi Dege. Wakati wa bamvua bahari hupanda na kushuka kwa zaidi ya mita 3, hata mahali palepale pakawa bahari mara mbili kwa siku na nchi kavu mara mbili. Kwa mtu asiyejua, mahali pa namna hiyo hapafai kitu. Hapalimiki, hapajengeki, wala chombo kikubwa hakipiti. Kwa samaki mchanga, hata hivyo, ndipo penye chakula kingi kuliko mahali pengine popote karibu na pwani.

Yafaa tuanze na wageni wenyewe. Kamba tunaowajua kwa bei yao nzuri hawazaliwi katika hori. Kamba jike hutaga mayai yake baharini, maelfu kwa maelfu, na pengine laki kadhaa. Viluwiluwi vinavyoanguliwa huelea na mikondo ya maji, vikibadilika umbo hatua kwa hatua, na baada ya majuma mawili au matatu huwa vimekwisha kuwa kamba wadogo sana, wembamba kama unywele, wanaotafuta kuingia katika mahori pamoja na maji yanayojaa. Humo hukaa miezi michache, wakila na kukua, kisha hutoka tena kwenda maji ya nje, hasa mvua za masika zinapoongeza maji ya mito. Mwatiko naye huzaa baharini. Watoto wake wafikapo pwani huwa kama uzi wa kioo wenye macho mawili, na huingia katika vijito vya mikoko kutafuta maji yaliyotulia. Mkizi hufanya hivyo hivyo. Wapo na wengine ambao hupitisha utoto wao wote, au sehemu yake, humo humo: chaa, baadhi ya jamii za kolekole, baadhi ya changu na kelea. Mkunga wa mtoni amegeuza safari hii, maana yeye hukaa mitoni miaka mingi, kisha huenda kuzaa bahari kuu. Lakini watoto wake nao wakirudi hawana njia ila kupitia katika mahori hayo hayo.

Sasa, mgeni aliyetoka mbali huuliza kwanza chakula kiko wapi. Katika hori chakula hicho hakielei sana majini. Kiko chini, juu ya tope na ndani yake. Mwanachama anayetaka kukiona asisubiri mtaalamu. Maji yakipwa, ashuke aangalie tope lililo wazi kwa jua. Ataona juu yake utando mwembamba wenye rangi ya kahawia au ya kijani, unaong'aa kama mafuta. Huo si uchafu. Ni mimea midogo mno isiyoonekana mmoja mmoja kwa macho, nayo hutumia nuru ya jua kujitengenezea chakula kama mahindi yanavyofanya shambani. Akikwangua utando huo kwa ukucha ataona chini yake tope la rangi ya kijivu, na chini zaidi, pengine kwa kina cha nusu ya kidole tu, tope jeusi tititi lenye harufu ya yai viza. Hilo jeusi halina hewa. Basi shamba lote la hori ni ule ukoko wa juu. Humo mna bakteria, mna mimea hiyo midogo, mna minyoo myembamba, mna wadudu wa maji wa jamii ya kamba wasiozidi punje ya ufuta, mna konokono na chaza wachanga. Hao ndio wanaoliwa na samaki wachanga. Ukiuvuruga ukoko huo mara kwa mara, unakuwa umeufukia udongo mzuri chini na kulileta juu lile tope lisilo na hewa.

Mikoko ina sehemu gani katika jambo hili? Zamani jibu lilionekana kuwa jepesi. Kati ya mwaka 1969 na 1971 wataalamu wawili wa Marekani, Eric Heald na William Odum, walieleza kutokana na kazi yao huko Florida kwamba majani ya mikoko huanguka, huoza, huvaliwa na bakteria na ukungu, na mabaki hayo yakaliwa na wanyama wadogo ambao huliwa na samaki. Maelezo hayo yalienea duniani kote, nayo yalisaidia sana kuiokoa mikoko na shoka. Baadaye ilipatikana njia ya kupima uwiano wa kaboni nyepesi na kaboni nzito katika nyama ya samaki. Kila aina ya mmea huacha alama yake katika mwili wa mlaji, hata ikiwa chakula kimepita katika matumbo mawili au matatu. Vipimo hivyo vilionyesha kwamba mahali pengi samaki na kamba wachanga hupata chakula kingi kutokana na ile mimea midogo ya juu ya tope, na kutokana na majani ya bahari na viumbe wanaoelea, kuliko kutokana na majani ya mikoko yenyewe. Jani la mkoko ni gumu, lina dawa chungu ile ile inayotumiwa kuiva ngozi, na proteini yake ni haba mpaka liozeshwe.

Wako watu waliosikia habari hiyo wakasema: basi mkoko hauna kazi, na ukatwe. La hasha. Mkoko ndio unaolishika tope lisichukuliwe na maji. Mizizi yake hupunguza mwendo wa maji hata vumbi laini la mtoni likatuama. Kivuli chake hulizuia tope lisikauke na kupasuka. Magogo na mizizi yake humficha samaki mchanga asionwe na mzia wala ndege. Na majani nayo hayapotei bure. Kaa wa mikoko huyaburura mpaka mashimoni mwao, wakayala na kuyazika, na kwa kuchimba huko wakaingiza hewa ndani ya tope. Kaa hao wenyewe na viluwiluwi vyao ni chakula pia. Katika Ghuba ya Gazi, kusini ya Mombasa, ilionekana katika miaka ya 1990 kwamba mabaki ya mikoko yachukuliwayo na maji hayaendi mbali. Mengi hutuama katika majani ya bahari yaliyo jirani. Kwa hiyo aliye na mikoko mizuri hunufaika yeye mwenyewe na jirani yake wa karibu.

Ushahidi wa haya yote unapatikana katika tumbo la samaki, na hapo mvuvi hana haja ya kuambiwa na mtu. Pasua mkizi. Utakuta firigisi ngumu kama ya kuku, na utumbo mrefu uliojaa kitu kinachofanana na udongo. Mkizi hula uso wa tope, na firigisi ile humsaidia kusaga. Pasua mwatiko mchanga, utakuta utumbo mrefu vile vile na ukijani wa utando. Kisha pasua chaa. Huyu mdomo wake hutoka mbele kama mrija, naye huchomoa minyoo ardhini. Tumboni mwake utaona vipande vyekundu vya minyoo na maganda ya wadudu wa maji. Kolekole mdogo akipasuliwa hutoa kamba na samaki wadogo kuliko yeye. Samaki wanne waliovuliwa hori moja na siku moja wanakuonyesha ngazi nzima ya chakula, na ngazi hiyo imesimama juu ya ukoko ule wa tope.

Wafugaji wa mwatiko wa Ufilipino walilitambua jambo hili zamani, wakaligeuza kuwa kilimo. Kabla ya kuweka vifaranga bwawani huyaondoa maji, huliacha tope likauke juani, hutia samadi ya kuku, kisha huingiza maji haba tu, mpaka juu ya tope uote utando mnene wa mimea midogo uliochanganyika na bakteria na vijidudu. Utando huo wanauita lab-lab. Ukishaota ndipo vifaranga huingizwa. Kwetu ufugaji wa mwatiko umeanzishwa mahali mbalimbali pwani, Bagamoyo na Mtwara yakiwamo, na vifaranga vyake hutegemewa kuvuliwa katika vijito vya mikoko. Chama kinachofikiria mabwawa yafaa kifahamu kwamba mbegu yake itatoka katika hori lile lile ambalo wengine wanalikausha.

Jambo moja nataka tulikalie zaidi, kwa sababu huku kwetu halisemwi sana. Haitoshi hori liwe na chakula. Samaki lazima awe na nafasi ya kukila. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam pamoja na wenzao wa Uholanzi walichunguza samaki wa mikoko katika pwani ya Tanzania, wakalinganisha mikoko iliyo kandokando ya vijito vinavyobaki na maji wakati wa kupwa na ile ya ufukweni inayokauka kabisa. Matokeo yao, yaliyotolewa mwaka 2007, yalionyesha kwamba samaki hujilisha zaidi katika vile vijito vinavyobaki na maji. Pale panapokauka samaki huingia kwa saa chache, kisha hulazimika kutoka, na safari yenyewe hula nguvu zake. Basi kidimbwi na mfereji unaobaki na maji katika kupwa kwa bamvua ni mali kubwa, hata kama upana wake ni hatua tatu. Hapo ndipo samaki wachanga hukusanyika wakingoja maji yarudi. Na hapo ndipo, kwa bahati mbaya, mwenye chandarua huwakuta wamejaa kama mchele katika sufuria.

Hayo yatufikisha kwenye madhara. Sitayaeleza yote kwa urefu sawa. Taka za viwandani na majitaka ya majumbani katika Msimbazi yamesemwa kwa miaka mingi. Itoshe kueleza kwamba majitaka yakizidi, bakteria wanaoyaozesha humaliza hewa iliyomo majini, na minyoo ya aina nyingi hufa ikabaki aina mbili tatu zenye kustahimili. Mwenye kuangalia juu juu ataona minyoo bado ipo na kudhani mambo ni salama. Mchanga unaochimbwa katika mito ya Mbezi na Tegeta kwa ajili ya ujenzi hunyima fukwe mchanga wake, na udongo laini unaofumuliwa huteremka na mvua ukafunika utando wa tope usipate nuru. Mikoko iliyokatwa kwa nguzo, kuni na mashamba ya chumvi inajulikana na kila mtu, na kila mtu anajua pia kwamba misitu hiyo ni ya hifadhi, haikatwi bila kibali.

Lakini yako madhara yaliyomo mikononi mwetu sisi wanachama. Kokoro, ambalo wengine huliita juya, likiburuzwa chini hufanya mambo mawili kwa mara moja: huchukua wachanga pamoja na wakubwa, na huligeuza tope juu chini. Kanuni za Uvuvi za mwaka 2009 zinalikataza, kama zinavyokataza baruti na sumu. Chandarua ni tatizo gumu zaidi, maana kwa kawaida hakivutwi na mhalifu. Huvutwa na akina mama na watoto wanaotafuta uduvi. Hapa inafaa tutofautishe mambo. Uduvi ni kiumbe mzima wa aina yake. Hata akizeeka hatakuwa kamba mkubwa. Kumvua si kosa kwa mtaji wa kamba. Tatizo ni kwamba katika mahori, hasa wakati na baada ya mvua, kamba wachanga huwa katika maji yale yale, na chandarua hakichagui. Atakayemwaga pato lake juu ya kanga nyeupe na kulitazama kwa utulivu ataweza kuwatenganisha, kwani kamba mchanga ni mnene kifuani, ana mwiba wenye meno kichwani, na miguu yake ya mbele ina vijikoleo. Uduvi ni mlaini, mweupe, macho yake meusi yamejitokeza, na mwiba wake wa kichwani ni mfupi mno hata hauonekani kwa urahisi.

Sasa niruhusiwe kurudi katika kazi yangu. Nimewahi kukagua vitabu vya chama kimoja cha wavuvi upande wa Temeke, ambacho sina sababu ya kukitaja. Stakabadhi zilikuwa sawa na daftari la fedha, benki ilikubaliana na kitabu, na marejesho ya mikopo ya nyavu yalikuwa yakilipwa kwa wakati. Mkaguzi angeweza kutia sahihi na kwenda zake. Lakini katika daftari la mapokezi, safu ya samaki ilikuwa na neno moja tu kutoka ukurasa wa kwanza mpaka wa mwisho: mchanganyiko. Nilipokwenda mnadani kuona mchanganyiko huo ni nini, nikakuta madebe ya chaa na changu wasiofika urefu wa kidole, na kamba wa kukaangwa kwa mafungu. Mikopo ilikuwa inalipwa kwa watoto wa samaki. Katika chama cha mazao tungesema wanachama wanauza mbegu ili walipe deni la jembe. Hakuna kifungu cha ukaguzi kinachoniruhusu kuandika hivyo katika taarifa ya mwaka, hivyo ninaandika hapa.

Tufanye hesabu ndogo, kwa mfano tu. Tuseme kamba mchanga ana uzito wa gramu 2. Kilo moja itakuwa na kamba 500. Tuseme tumewaacha, na katika kila kumi wakafa wanane kwa kuliwa na samaki wengine na kwa sababu nyinginezo. Watabaki 100. Wakifikia gramu 20 kila mmoja, hao 100 watakuwa na uzito wa kilo mbili. Na tuseme kilo ya kamba wakubwa ina bei mara nne ya kilo ya wadogo. Kilo moja iliyoachwa imekuwa na thamani ya kilo nane. Mtu anaweza kubisha kwamba nimekadiria vifo vichache. Haya, na wafe tisa katika kila kumi. Watabaki 50, yaani kilo moja ile ile, na bado kwa bei mara nne. Nayo hesabu hii haijatia ndani mayai watakayotaga. Kila chama kiweke tarakimu zake badala ya hizi, kwa bei za mnadani kwake.

Hesabu hiyo niliwahi kuieleza katika darasa la wanachama, nikidhani nimemaliza. Mama mmoja akainuka akasema maneno ambayo sijayasahau: "Bwana Ushirika, nikimwacha kamba huyu akue, atakwenda nje avuliwe na mwenye mashine. Mimi sina mashine. Wewe unanifundisha nimfugie tajiri." Ukumbi ulicheka, lakini hoja yake haikuwa ya kuchekesha. Samaki wa hori huondoka. Anayesubiri siye anayevuna. Kwa mtu mmoja mmoja, kuvua wachanga leo ni akili timamu, na hotuba za hifadhi haziwezi kumshinda mtu mwenye hoja kama hiyo. Wala hatuwezi kumwelekeza kwenye visiwa vya Mbudya, Bongoyo, Pangavini na Fungu Yasini, vilivyowekwa kuwa hifadhi tangu mwaka 1975. Hifadhi hizo hulinda matumbawe wanakoishi wakubwa, na mama huyo hana chombo cha kufika huko. Habari ya kamba wa Rufiji na Bagamoyo nayo inampa haki. Meli kubwa zilivuta nyavu kwa miaka mingi, na Serikali iliposimamisha uvuvi wa kamba kwa meli hizo mwaka 2008, mavuno yalikuwa yamekwisha kushuka. Kwa nini mwenye chandarua awe wa kwanza kulaumiwa?

Jibu langu kwa mama huyo ni kwamba hoja yake ni sahihi kwa mtu aliye peke yake, nayo hubadilika ikiwa anayevuna na anayesubiri wamo katika chama kimoja. Mwenye mashine ni mwanachama. Kamba wake hupita katika mzani wa chama. Chama kinaweza kuamua katika mkutano mkuu kwamba sehemu fulani ya ushuru wa kamba wakubwa iingie katika mfuko wa wale walioacha kuvuta chandarua katika vijito wakati wa msimu wa wachanga. Au, kama wanachama hawataki fedha taslimu, akina mama hao wawe na haki ya kwanza ya kununua kwa bei ya jumla kamba na dagaa wa kukausha na kukaanga. Sisemi ni jambo jepesi. Mwenye mashine atauliza kwa nini alipe, na ajibiwe kwa ile hesabu ya kilo nane. Ikiwa hatakubali kutoa hata sehemu ndogo ya faida anayoletewa na subira ya mwingine, basi chama hicho kina tatizo kubwa kuliko la samaki, nalo lijadiliwe kwa jina lake.

Juu ya mikopo msimamo wangu ni mkali zaidi. Kamati ya mikopo isitoe hata shilingi moja kwa ununuzi wa kokoro au nyavu zilizokatazwa, hata kama mwombaji ana hisa nyingi na wadhamini wazuri. Chombo kilichokatazwa chaweza kukamatwa na kuteketezwa siku yoyote, na deni likabaki. Kwa hiyo hata mtu asiyejali samaki anaona kwamba dhamana hiyo ni mbovu. Mkopo wa jarife, wa mishipi, wa madema yenye macho mapana, wa barafu na masanduku ya kuhifadhia, huo upewe nafasi ya mbele. Samaki asiyeoza njiani ni sawa na samaki wawili waliovuliwa.

Kuhusu kufunga vijito kwa msimu, chama kisijichukulie mamlaka. Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 inatambua vikundi vya usimamizi wa rasilimali za uvuvi, vinavyojulikana kwa kifupi BMU, na mahali pengi wanachama wetu ndio hao hao. Mapatano yafanywe huko, pamoja na afisa uvuvi na serikali ya mtaa, kisha chama kiyaingize katika taratibu zake za ndani kwa kuwabana wanachama wake wenyewe. Sheria ya Vyama vya Ushirika ya mwaka 2013 inakiachia chama kutunga masharti yake, mradi yasipingane na sheria na yaandikishwe kama ipasavyo. Kijito kitakachochaguliwa kiwe kile kinachobaki na maji katika kupwa. Nimeona mahali ambapo wazee walikubali haraka kufunga sehemu ya ufukwe inayokauka kabisa, kwa kuwa haikuwa na faida kwa mtu. Mapatano ya namna hiyo hupendeza kwenye muhtasari wa kikao tu.

Lipo zoezi ambalo darasa la wanachama laweza kulifanya bila gharama. Tafuteni kopo la maziwa la kawaida, tupu, lililokatwa pande zote mbili. Siku ya bamvua, maji yakiwa yamepwa, likandamizeni topeni kwa kina cha vidole viwili, mahali patatu: chini ya mikoko, kando ya kijito, na mahali palipozoea kuburuzwa nyavu. Toeni tope la kila mahali, lioshwe polepole kwa maji ya bahari juu ya kitambaa chepesi mpaka udongo uishe, kisha kilichobaki kimwagwe katika sahani nyeupe. Hesabuni minyoo, konokono, na vijidudu vinavyorukaruka. Andikeni tarehe, mahali na idadi. Rudieni kila mwezi mahali pale pale kwa kopo lile lile, maana bila hivyo hesabu hazilinganishiki. Hesabu ya mwezi mmoja haina maana kubwa. Mvua peke yake huweza kubadili chumvi ya maji na kuwapunguza viumbe kwa muda. Baada ya masika mawili mtakuwa na kitu cha kuzungumza na afisa uvuvi, tena kwa tarakimu zenu wenyewe.

Mwisho ni daftari la mapokezi. Neno "mchanganyiko" liondolewe. Zichorwe safu za kamba wakubwa, kamba wadogo, uduvi, mkizi, mwatiko, chaa, changu, na safu moja ya wengineo. Kila safu ya samaki igawanywe mara mbili: waliozidi kiganja, na wasiofika kiganja. Karani wa mnadani asiambiwe apime kila samaki, kwani hatafanya. Akadirie debe kwa macho, robo, nusu au lote. Jina la hori au kijito waliposhukiwa nyavu liandikwe, hata kama mvuvi anasita kulitaja. Hesabu hiyo isomwe katika kikao cha halmashauri kila miezi mitatu, baada ya taarifa ya fedha na kabla ya mengineyo.

Maswali ya kujadiliwa katika darasa:

Katika hori lenu, ni vijito vingapi vinavyobaki na maji wakati wa kupwa kwa bamvua, na nani huvua humo?

Je, kuna mwanachama aliyekopeshwa na chama nyavu ambazo hawezi kuzianika hadharani? Deni lake limesalia kiasi gani?

Ikiwa kamba wachanga wataachwa kwa msimu mmoja, ni wanachama gani watakaopungukiwa na chakula cha siku, na chama kitawapa nini, kutoka mfuko gani, kuanzia tarehe gani?